Ukitaka W15 ya wanawake Tanga, anza na zege

Wapenzi wa tenisi wa Tanga wakianza kuzungumzia mashindano ya kulipwa ya wanawake, mazungumzo hukimbilia zawadi: nani atatoa hizo dola 15,000? Kwa maoni yangu hilo ndilo swali jepesi kuliko yote. Kiasi hicho ni jumla ya zawadi katika W15, daraja la chini kabisa la wanawake kwenye mzunguko wa Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF. Mfadhili mmoja mwenye nia anaweza kulimaliza jambo hilo kwa hundi moja. Viwanja vinne vinavyofanana, vilivyo kavu na visivyo na malengelenge ya rangi, havipatikani kwa hundi ya wiki hii.

Kwa nini vinne? Piga hesabu ya mechi. Droo kuu ya mchezaji mmoja mmoja ina wachezaji 32, na kwa kuwa kila mechi humtoa mmoja, mechi ni 31. Mchujo wa wachezaji 32 wanaowania nafasi 8 za kuingia droo kuu una mechi 24. Jozi 16 za wawili wawili ni mechi 15. Jumla 70, kuanzia Jumapili ya mchujo hadi Jumapili ya fainali. Mechi ya wanawake huisha mmoja anapofikisha seti mbili, na ukiipangia saa moja na dakika 45, ukaongeza robo saa ya kufagia, kunyoosha wavu na wachezaji kupasha mwili, kila mechi inakula saa mbili. Kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 12 jioni, kiwanja kimoja kinabeba mechi nne na kubaki na saa moja ya akiba. Siku ya kwanza ya mchujo ina mechi 16. Jumatano nayo, unapochanganya nusu ya raundi ya kwanza ya mmoja mmoja na raundi ya kwanza ya wawili wawili, inafika 16 tena. Gawa kwa nne. Mwenye viwanja vitatu anaweza kujifariji kwa taa za usiku, ila umeme ukikatika katikati ya tai-breka, ile gemu ya kuamua seti iliyofungana, hana pa kukimbilia. Na hapo hatujahesabu kiwanja cha mazoezi.

Sasa zege. Mistari ya kiwanja ina urefu wa mita 23.77. Upana ni mita 8.23 kwa mmoja mmoja na 10.97 kwa wawili wawili. Lakini hupimi zege kwa mistari. Nyuma ya kila mstari wa mwisho zinahitajika mita 6.40, na kila ubavu mita 3.66, kwa hiyo jamvi zima linakuwa mita 36.57 kwa 18.29. Hizo ni kama mita za mraba 669. Ukimwaga unene wa sentimita 12 unapata mita za ujazo 80, na kwa mchanganyiko wa kilo 350 za saruji kwa kila mita ya ujazo, unahitaji mifuko 560 hivi ya kilo 50. Zidisha kwa nne. Bahati yetu kiwanda cha saruji kipo Pongwe, kwa hiyo usafiri wa saruji hautakuua.

Kitakachokuua ni mchanga. Mchanga wa ufukweni ni wa karibu na rahisi, na kuna fundi atakayekuambia “tutauosha”. Kataa. Chumvi inayobaki ndani hula nondo, nondo ikishika kutu hutanuka, zege linapasuka kutoka ndani, na ufa ukitokea kwenye kiwanja cha tenisi haufichiki, kwa sababu mpira ukiugusa unaruka kando. Tumia mchanga wa mtoni na kokoto safi. Chini ya zege tandika nailoni nzito bila kuacha mwanya, kila kipande kikilalia chenzake angalau sentimita 30. Ardhi ya pwani ina maji karibu na uso, na unyevu unaopanda ndio unaoinua rangi na kuifanya malengelenge miezi michache baada ya ufunguzi. Watu humlaumu fundi wa rangi bure.

Mteremko uwe wa upande mmoja tu, kutoka ubavu hadi ubavu, kiasi cha sentimita 1 kwa kila sentimita 120. Kwa upana wa mita 18.29 ubavu wa juu utauzidi wa chini kwa sentimita 15 hivi, na mchezaji hataona. Kosa linalorudiwa sana ni kuinua katikati penye wavu na kuteremsha pande zote mbili kama paa la nyumba: maji yanatoka vizuri, lakini wachezaji wote wawili wanacheza mlimani. Maungio ya zege yapite chini ya wavu, pasipodunda mpira. Uso wa juu upigwe fagio kabla haujakauka, usilainishwe kwa mwiko wa chuma mpaka ukang’aa, maana rangi haishiki kwenye kioo. Kutunza zege tumia maji na magunia ya katani, ambayo Tanga si ya kutafutwa, kwa wiki nzima ya mwanzo. Usipulizie dawa za kuzuia zege lisikauke haraka, kwa sababu zinaacha utando unaokataa rangi.

Baada ya hapo subiri siku 28. Kisha fanya majaribio mawili yasiyo na gharama. La kwanza, bandika kipande cha nailoni cha mita moja kwa mita moja juu ya zege, ziba kingo zote kwa utepe, na ukiache usiku kucha. Ukikuta matone chini yake asubuhi, usipake rangi. La pili, mwaga maji uwanja mzima, subiri saa moja ya jua, kisha pita na sarafu. Dimbwi lolote linaloifunika sarafu lizibwe sasa, kabla ya rangi, kwa sababu kesho yake litakuwa ndilo lile dimbwi linalosimamisha nusu fainali.

Rangi ni ya akriliki yenye mchanga laini ndani yake, na mchanga huo ndio unaoamua kasi. Ukiwa mwingi na wa chembe kubwa, mpira unashikwa na kupanda juu. Ukiwa mchache, unateleza na kuja chini. ITF hupanga kasi za viwanja katika madaraja matano, kuanzia polepole hadi haraka. Daraja la tatu, la katikati, linafaa kwa hapa, kwa sababu hewa yetu nzito tayari inaupunguza mpira mwendo. Viwanja vyote vinne vipakwe na fundi mmoja kwa ndoo za toleo moja. Na mistari! Mafundi wengi hupaka rangi ya jamvi yenye mchanga, kisha wakachora mistari kwa rangi tupu. Umande wa asubuhi ukitua, mistari inakuwa sabuni, na mchezaji anayekimbilia mpira wa pembeni anatua kwa goti. Rangi ya mistari nayo itiwe mchanga.

Kiwanja kielekee kaskazini na kusini. Tupo nyuzi 5 kusini mwa ikweta, jua letu huchomoza na kuzama karibu kabisa na mashariki na magharibi, kwa hiyo asubuhi na jioni halimpigi mtu usoni. Mchana ni habari nyingine. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua hupita utosini, kati ya saa 6:10 na 6:40 mchana, na anayepiga sevu, yaani mpira wa kuanzisha pointi, awe upande gani, akirusha mpira juu anautupia kwenye jua. Julai jua la mchana liko kaskazini, na kusi linavuma kutoka kusini-mashariki. Anayecheza upande wa kusini ana upepo mgongoni na jua machoni. Wa kaskazini ana jua mgongoni na upepo usoni. Ndiyo maana mchezaji mjanja akishinda kura ya sarafu hachagui sevu kila mara. Huchagua upande.

Kusi ndilo linaloangusha uzio. Uzio wa mita 3 ukifunikwa kitambaa cha kijani bila matundu ni tanga, na hapa sizungumzii mji. Ukate matundu ya nusu duara kila baada ya mita moja na nusu, kitambaa kisizidi urefu wa mita 2, na kifungwe kwa kamba zinazokatika kirahisi, ili upepo ukizidi kikatike kitambaa, nguzo ibaki. Mivinje inapendeza kwa kivuli na kuzuia upepo, ila usiipande karibu. Sindano zake zikidondoka kiwanjani zinateleza kama punje za mtama, na mizizi inainua kingo za zege. Kunguru nao watakuja, hilo halina dawa. Mwamuzi akiona ndege ameingilia pointi, pointi inarudiwa.

Wavu ni sentimita 91.4 katikati na 107 kwenye nguzo. Kwa mmoja mmoja, kama wavu uliofungwa ni wa wawili wawili, unaongeza vijiti viwili vya sentimita 107, kila kimoja sentimita 91.4 nje ya mstari wa pembeni wa mmoja mmoja. Vijiti hivi husahauliwa kuliko kitu kingine chochote, na bila hivyo wavu wa pembeni unakuwa chini kuliko inavyotakiwa, mpira unaolambishwa kando unapita kirahisi. Ukikosa futi ya kupimia katikati, simamisha raketi moja wima na ulaze nyingine juu yake kwa upana wa kichwa: sentimita 68.5 na takriban 23. Waya wa wavu uwe wa chuma kisichoshika kutu. Wa kawaida, kwa hewa ya Raskazone, utaanza kutoa nyuzi za kuchoma vidole kabla mwaka haujaisha.

Mipira sasa, ambayo watu hufikiri ni ya kwenda dukani. Mpira halali una uzito wa gramu 56.0 hadi 59.4, na ukidondoshwa kutoka sentimita 254 juu ya sakafu ngumu lazima urudi kati ya sentimita 135 na 147. Chora alama hizo ukutani, jaribu mpira mmoja katika kila katoni. Kisha sikiliza hili vizuri: usiazime mipira Nairobi wala Arusha kabla hujasoma kopo. Miji hiyo ipo juu ya mita 1,219 kutoka usawa wa bahari, kimo ambacho kuanzia hapo hutumika mipira maalumu ya nyanda za juu. Mipira hiyo ikiletwa pwani inarudi sentimita 122 hadi 135 tu, yaani imekufa mkononi mwa mchezaji, na malalamiko yataanza gemu ya pili.

Kwa bajeti, chukua mipira minne kwa kila awamu. Ukibadilisha baada ya gemu 7 za mwanzo, halafu kila gemu 9, mechi ya gemu 22 inakula awamu tatu, mipira 12. (Awamu ya kwanza ni fupi kwa sababu kupasha mwili kunahesabiwa kama gemu mbili.) Mechi 55 za mmoja mmoja, pamoja na mchujo, ni mipira 660. Mechi 15 za wawili wawili, ambazo seti ya tatu hubadilishwa kwa tai-breka ya pointi 10, zipe mipira 8 kila moja, ni 120. Jumla 780, dazeni 65, kabla ya mazoezi. Agiza mapema na uache muda wa forodha. Makopo yakae chumba chenye kivuli, yasilale kwenye buti la gari, na yafunguliwe dakika chache kabla ya mechi. Unyevu wetu unavimbisha manyoya ya mpira, unakuwa mzito na mvivu. Ndiyo maana wachezaji wengi watapunguza mkazo wa nyuzi za raketi paundi moja au mbili wakifika. Hiyo ina maana mashine ya kufunga nyuzi iwepo palepale uwanjani na mtu anayeijua. Raketi moja humchukua nusu saa na zaidi, na asubuhi ya raundi ya kwanza ataletewa kumi kwa pamoja.

Joto. Kipimajoto cha ukutani hakitoshi. Kinachotumika ni kipimo kinachounganisha unyevu, jua na hewa: asilimia 70 ya nyuzi za kipimajoto chenye kitambaa kibichi, asilimia 20 za tufe jeusi juani, na asilimia 10 za hewa ya kawaida. Chukua mchana wa kaskazi ambapo kibichi kinasoma 27, tufe 45, hewa 32. Ni 18.9 jumlisha 9 jumlisha 3.2, unapata 31.1. Umeshapita 30.1, kiwango ambacho kwa wanawake mchezaji anaweza kudai mapumziko ya dakika 10 kati ya seti ya pili na ya tatu. Kwa ratiba, ongeza dakika hizo kwenye kila mechi itakayofika seti ya tatu na utaona jioni inavyopotea. Ndiyo sababu naona Julai na Agosti zinafaa kuliko Januari na Februari, hata kwa gharama ya upepo. Machi hadi Mei ni masika, usijaribu.

Taulo za barafu ziwe mbili kwa kila mchezaji: taulo bichi, barafu katikati, viringisha. Barafu ya wauza samaki wa Deep Sea ni nyingi na inafaa kwa taulo zilizofungwa ndani ya mfuko, lakini isiingie kwenye glasi wala kwenye pipa la maji ya kunywa. Maji ya kunywa yawe ya chupa zilizofungwa, na mchezaji aifungue mwenyewe.

Kuna mambo ambayo kamati za wanaume husahau kwa sababu hayajawahi kuwahusu. Choo cha wanawake kiwe karibu na viwanja, kifungwe kwa ndani, kiwe na maji, sabuni, taulo za kike na pipa lenye mfuniko. Ruhusa ya kutoka uwanjani ina mipaka na mwamuzi huhesabu dakika. Choo kikiwa mita 200 mbali, unamwadhibu mchezaji kwa ramani ya uwanja wako. Hata Wimbledon, pamoja na ukali wake wa mavazi meupe, ilianza mwaka 2023 kuwaruhusu wanawake kuvaa kaptura za ndani za rangi ya giza, na sababu kila dada anaijua. Chumba cha kubadilishia nguo kiwe na mlinzi wa kike. Gari la kutoka hotelini lipange safari ya mwisho baada ya mechi ya mwisho, siyo baada ya chakula cha kamati. Daktari au mtaalamu wa viungo awe uwanjani saa zote za mechi, na njia ya kwenda hospitali ya Bombo ijulikane na dereva kabla ya Jumapili.

Ijumaa ni robo fainali. Ni mechi nne tu za mmoja mmoja na mbili za wawili wawili, kwa hiyo huna sababu ya kugongana na sala. Tia robo fainali zote nne saa 3 asubuhi kwa viwanja vinne, zimalizike kabla watu hawajaelekea msikitini, na wawili wawili uwaweke saa 9 alasiri. Ukifanya hivyo utapata watazamaji mara mbili siku moja.

Kuhusu watu: maombi ya mashindano hupitia chama cha tenisi cha taifa, hayapelekwi ITF na klabu. Waamuzi wana beji kwa rangi, kuanzia kijani na nyeupe hadi shaba, fedha na dhahabu, na watakaotoka nje unalipia malazi yao. Mwamuzi wa kiti huingiza kila pointi kwenye kifaa kinachorusha matokeo moja kwa moja, kwa hiyo uwe na intaneti ya mitandao miwili tofauti. Hapo ndipo jambo la kubeti linapoingia. Matokeo ya W15 yanabetiwa duniani kote, na kijana aliyekaa ukutani akituma kila pointi kwa simu kabla haijatokea kwenye mtandao huenda yupo kazini kwa watu wanaobeti. Mtoeni nje kwa adabu. Wafanyakazi wa mashindano nao wanabanwa na kanuni za uadilifu: hawaruhusiwi kubeti tenisi popote, wala kumwambia mtu kwamba fulani ana kifundo kilichovimba. Waelezeni waziwazi siku ya kwanza, kwa sababu mtaani kwetu mkeka wa kubeti ni mazungumzo ya kahawa na mtu anaweza kuvunja kanuni bila kujua ipo.

Droo yenyewe hufanywa hadharani. Wachezaji 8 bora hutenganishwa: kwenye karatasi ya droo, wa kwanza mstari wa 1, wa pili mstari wa 32, wa tatu na wa nne hupigiwa kura kati ya mistari ya 9 na 24, na wa tano hadi wa nane kati ya 8, 16, 17 na 25. Nafasi za mwaliko hutolewa na wenyeji, na hapa ndipo ningependa kamati iwe na roho ngumu. Msichana wa nyumbani anayepewa mwaliko droo kuu akishinda mechi moja tu anapata pointi 1 ya WTA, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanawake. Bingwa anapata 15, wakati bingwa wa Wimbledon hupata 2,000. Pointi 1 inaonekana kidogo, lakini ili jina litokee kwenye orodha ya dunia lazima upate pointi katika mashindano matatu, au ufikishe pointi 10. Kwa hiyo anayestahili mwaliko ni yule mwenye uwezo wa kushinda raundi ya kwanza, hata kama baba yake hajachangia hata mfuko mmoja wa saruji. Wanaobaki wapewe mialiko ya mchujo, wakapate mechi.

Na omba wiki mbili mfululizo, usiombe moja. Mchezaji anayeshuka Dar es Salaam na kukata kilomita 350 hivi kuja huku hatasafiri kwa nafasi moja ya pointi 15 wakati Monastir, Tunisia, anaweza kukaa mahali pamoja na kucheza wiki baada ya wiki. Wiki ya pili waamuzi wapo, mashine ya nyuzi ipo, nyavu zimenyooshwa; unaongeza zawadi, mipira na vyumba, na yule msichana wa mwaliko anapata nafasi mbili kati ya zile tatu bila kupanda basi.